Siku Mbili Mtwara kwa Kufuata Maji: Mwongozo Kamili wa Mgeni wa Muda Mfupi

Mgeni anayefika Mtwara kwa kazi, kwa harusi au kwa kumsindikiza mtoto chuoni mara nyingi hubaki na siku mbili ambazo hajui azitumie vipi, naye akirudi kwao husema kwamba mji ni mpana, umetulia mno na hauna cha kuona. Lawama hiyo hutokana na mpangilio mbaya wa safari. Mambo ya kuona yametawanyika kando ya ghuba tatu, yaani ghuba ya Mtwara yenyewe, ya Mikindani na ya Mnazi, na karibu kila pahali hubadilika sura maji yanapojaa na yanapokupwa. Anayefika Mikindani maji yakiwa yamekupwa hukuta uwanja wa tope na mitumbwi iliyolala ubavu. Anayefika saa sita baadaye huukuta mji wa kale umekaa ukingoni mwa maji. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na kalenda kabla ya kutaja mahali popote.

Hatua ya kwanza: Chagua mwezi wa safari, kisha tarehe ya mwezi mwandamo

Kusini hakuna vuli na masika kama walivyozoea watu wa Dar es Salaam. Mvua ni za msimu mmoja: huanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili au Mei. Juni hadi Oktoba ni kiangazi, lakini katikati ya kiangazi hicho upepo wa kusi huvuma kwa nguvu na bahari ya nje huchafuka. Kwa hiyo anayetaka kuogelea, kupiga mbizi au kupanda chombo kidogo atanufaika zaidi Septemba na Oktoba, kusi inapolegea na kabla kaskazi haijashika. Nyangumi nao hupita katika pwani hii katika nusu ya pili ya kiangazi. Kuanzia Oktoba, hata hivyo, minada ya korosho huwa imepamba moto, wanunuzi na madereva wa malori hujaza nyumba za wageni, na asiyeweka nafasi mapema hulazimika kuzunguka na begi lake usiku.

Ukishapata mwezi, tazama kalenda ya Kiislamu, ile inayotundikwa ukutani katika maduka mengi ya Pwani, kwa sababu tarehe zake hufuata mwezi na bahari nayo hufuata mwezi. Tangu mwezi unapoandama hadi tarehe 4 hivi, na tena kuanzia tarehe 15 hadi 18, ni siku za bamvua: maji hujaa sana na kukupwa sana, na tofauti ya kimo hupita mita tatu. Karibu na tarehe 8 na tarehe 22 ni maji mafu, ambapo bahari hupanda na kushuka kidogo tu. Bamvua inapoanza, maji hujaa kwenye saa 10 alfajiri na saa 10 alasiri, na hukupwa kwenye saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kwa kila siku inayofuata, ongeza takriban dakika 50. Hesabu hii ni ya makadirio, na mvuvi yeyote utakayemkuta Feri, yaani mahali pa samaki na vyombo vya kuvuka pale mjini, atakurekebishia kwa nusu saa bila hata kutazama simu, lakini inatosha kabisa kwa kupanga ratiba ukiwa bado nyumbani.

Matumizi yake ni haya. Katika siku za bamvua, asubuhi ni ya kutembea juu ya mchanga na miamba iliyoachwa wazi, na alasiri ni ya kuogelea na ya kwenda Mikindani. Katika siku za maji mafu mambo hugeuka: asubuhi nenda Mikindani, na kuogelea kunawezekana karibu saa zote. Mwenye hamu ya kulitazama jua likizama Ruvula, ufuo ulio mbele ya kijiji cha Msimbati, na kisha arudi kwa gari kupitia ufukweni achague tarehe 10 hadi 12 au 24 hadi 26 ya mwezi mwandamo, kwa kuwa katika siku hizo maji hukupwa wakati wa jua kuzama.

Hatua ya pili: Panga njia ya kufika

Kwa barabara, kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni kilomita zipatazo 560 za lami, kupitia Kibiti, Ikwiriri, Somanga, Nangurukuru na Mingoyo. Basi linaloondoka alfajiri huingia Mtwara alasiri au jioni. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa juu ya Mto Rufiji mwaka 2003, safari hiyo ilikuwa ya kivuko na matope, na wazee wa kusini wakianza kuisimulia ni vigumu kuwanyamazisha. Hata sasa barabara haiaminiki msimu mzima: Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya ziliikata katika eneo la Somanga na kuitenga mikoa ya kusini. Ukisafiri wakati wa mvua, piga simu ofisi ya basi siku moja kabla.

Anayetoka Songea anaweza kupitia Tunduru na Masasi. Ndege kutoka Dar es Salaam huchukua kama saa moja. Kwa mwenye siku mbili tu, ushauri wangu ni kwenda kwa basi na kurudi kwa ndege, kwa sababu bonde la Rufiji na mashamba ya mikorosho yanastahili kuonwa mara moja kwa mwanga wa mchana, na mara moja inatosha.

Hatua ya tatu: Amua utalala upande gani

Mtwara ni mji wenye mitaa mipana na umbali mrefu kati ya kitu na kitu, kwa hiyo mahali pa kulala hupunguza au huongeza gharama ya bajaji. Eneo la soko na Majengo lina nyumba za wageni za bei nafuu, chakula cha karibu na kelele. Shangani, upande wa bahari, ni kimya, ina upepo, na ufuo uko umbali wa kutembea kwa miguu, lakini baada ya saa 2 usiku usafiri huwa wa kuita. Mikindani inamfaa anayetaka utulivu kamili na ambaye hana shughuli mjini. Popote utakapochagua, hakikisha chumba kina chandarua kizima.

Hatua ya nne: Tumia saa za kwanza Feri, Shangani na ng'ambo ya Msangamkuu

Usianze na safari ndefu siku ya kufika. Shuka Feri, mahali ambapo samaki huuzwa na vyombo vya kwenda Msangamkuu huondokea. Hapo utakuta changu, kolekole, kibua, pweza na ngisi, na utajifunza bei halisi ya samaki kabla mpishi wa hotelini hajakutajia ya kwake. Asubuhi na mapema ndiyo wakati mzuri wa kuwaona wavuvi wakirudi na wachuuzi wakishindana katika mnada; aliyefika alasiri aende tu kuvuka, kisha arudi kesho yake alfajiri kwa ajili ya samaki.

Msangamkuu ni rasi inayoukinga mlango wa bandari. Kivuko cha serikali na mashua za watu binafsi huvusha abiria, na safari yenyewe ni fupi. Ukishafika, tembea hadi upande wa rasi unaoelekea bahari kuu, ambako kuna ufuo mrefu wa mchanga. Maji yakikupwa, kina mama hutoka na ndoo na vyuma vyembamba kuchokoa pweza kwenye miamba. Unaweza kuwafuata kwa heshima, mradi uvae yeboyebo au viatu vingine vya kufunga, kwani miamba hukata na samaki aina ya taa hujifukia mchangani akiwa na mwiba wake. Usiokote makombe wala vipande vya matumbawe, na uliza kabla ya kumpiga mtu picha. Muhimu kuliko yote, ulizia chombo cha mwisho cha kurudi ni saa ngapi kabla hujatoka gatini.

Ukiwa majini utaiona bandari, na hapo ndipo historia ya mji hueleweka vizuri zaidi kuliko ndani ya jengo lolote. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga katika Tanganyika, ikitarajia kulima mashamba makubwa Kongwa, Urambo na Nachingwea ili kupunguza uhaba wa mafuta ya kula uliofuata Vita Kuu ya Pili. Karanga za Nachingwea zilihitaji reli na bandari yenye kina, na ghuba ya Mikindani iliyokuwa ikitumika kwa karne nyingi haikuwa na maji ya kutosha kwa meli kubwa, kwa hiyo mji mpya ukapangwa hapa. Mpango wenyewe uliachwa mwaka 1951, kabla hata kazi ya bandari haijakamilika, na reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mitaa hii mipana ni alama ya matarajio hayo. Kina cha maji, hata hivyo, hakikung'olewa: leo bandari inasafirisha korosho na makaa ya mawe kutoka Mkoa wa Ruvuma, na imeongezewa gati jipya lenye urefu wa mita 300.

Bandari ni eneo la ulinzi. Usiipige picha karibu na lango lake, na usiingie bila kibali. Njia ya meli ni nyembamba na hupita karibu na nchi kavu, kwa hiyo aliyekaa ufukweni Shangani akiwa na bahati ya siku ya meli ataiona kwa karibu bila kumwomba mtu ruhusa. Malizia jioni hapo hapo Shangani.

Hatua ya tano: Nenda Mikindani maji yakiwa yamejaa

Daladala za Mikindani hutoka mjini siku nzima, na umbali ni kilomita zipatazo 10 kwa barabara ya Lindi. Nusu siku inatosha, ikiwa utafika kama saa moja kabla ya maji kujaa na kutembea kwa miguu. Hapa ni pahali pa kutembea polepole, kwa kuwa vitu vyake ni vidogo: milango ya kuchongwa, roshani za mbao zilizochoka, kuta za mawe ya matumbawe zilizofumuliwa na mizizi, na vichochoro vinavyopanda kilimani. Baadhi ya nyumba ni magofu na nyingine zinakaliwa na watu, kwa hiyo piga hodi, salimia, na usipite uani kwa mtu kwa sababu tu mlango wake ni mzuri. Mji ni wa Waislamu kwa wingi. Mavazi ya kuogelea yabaki majini, na kanga au shuka iwe karibu.

Panda kwanza hadi Boma la Kijerumani, jengo jeupe lililojengwa mwaka 1895, baada ya Wajerumani kuuzima upinzani wa miji ya pwani ulioanza mwaka 1888. Boma lilichakaa sana kabla ya kukarabatiwa na shirika la hisani la Trade Aid la Uingereza na kugeuzwa hoteli. Uliza kama mgeni wa kupita anaruhusiwa kupanda mnarani, kwa maana huko juu ndiko unakoona jinsi ghuba ilivyo duara na mlango wake ulivyo mwembamba, na utaelewa kwa nini majahazi yalijificha humu dhidi ya kusi na kaskazi pia. Ukishuka, utaonyeshwa jengo ambalo wenyeji hulitaja kuwa pahali palipokuwa soko la watumwa. Misafara kutoka upande wa Ziwa Nyasa iliishia katika bandari hizi za kusini ikiwa na pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Pale namshauri mtu asimame hata kama amebanwa na muda.

Utaonyeshwa pia nyumba yenye kibao cha David Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mskoti. Ni kweli kwamba alishukia katika ghuba hii mwishoni mwa Machi 1866, akiwa na ngamia na nyati aliotaka kuwajaribu dhidi ya mbung'o, na kwamba safari aliyoianza hapa ilikuwa ya mwisho, kwani alifia bara mwaka 1873. Ningependa kibao hicho kiwataje pia Chuma, aliyekuwa Myao, na Susi, ambao walianza naye safari hiyo na wakawa miongoni mwa walioubeba mwili wake hadi Bagamoyo.

Kurudi, daladala hupungua jioni, kwa hiyo usisubiri giza. Ikiwa jua la mchana limekukuta mjini na bahari haifai, kuna jambo moja la ndani linalostahili saa nzima: Kanisa Katoliki la Mtakatifu Paulo, Majengo. Kuta zake zimejaa michoro mikubwa ya masimulizi ya Biblia iliyochorwa katikati ya miaka ya 1970 na padre Mjerumani, Polycarp Uehlein, ambaye alichora pia makanisa mengine ya kusini. Omba ruhusa ofisini, na usiende wakati wa ibada kwa nia ya kupiga picha.

Hatua ya sita: Toa siku nzima kwa Msimbati na Ruvula

Hii ndiyo sehemu inayohitaji maandalizi zaidi, na ndiyo itakayokulipa zaidi. Msimbati iko kama kilomita 45 kusini-mashariki mwa Mtwara, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Kuna gari za abiria za kwenda Msimbati, lakini huondoka zikijaa, na ratiba yake huwafaa wanakijiji wanaokuja mjini asubuhi kuliko mgeni anayetoka mjini. Kama mko watu wanne, kodisheni gari lenye nguvu ya magurudumu manne. Kama uko peke yako, patana na dereva wa bajaji au bodaboda kwa siku nzima, ukieleza mapema kwamba atasubiri, na mwafikiane nani atamlisha mchana.

Beba kitambulisho. Mpaka wa Msumbiji uko jirani, na tangu mapigano ya Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji linalopakana na eneo hili, yaanze mwaka 2017 ulinzi wa upande huu umekuwa wa makini. Kijiji cha Kitaya kilicho kando ya Ruvuma kilishambuliwa Oktoba 2020. Msimbati ni pahali pa watu na shughuli za kila siku, lakini ulizia hali kabla ya kuondoka, na usijiongezee safari ya kwenda ukingoni mwa mto kwa udadisi tu. Njiani utapita eneo la Madimba, ambako gesi ya Ghuba ya Mnazi husafishwa kabla ya kuingia katika bomba la kwenda Dar es Salaam. Usipige picha hapo.

Kiingilio cha hifadhi hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali kupitia simu au benki, na raia hutozwa tofauti na mgeni wa nje. Weka fedha kwenye simu kabla ya kuondoka mjini. Ununue pia maji, matunda na mafuta ya gari huko huko mjini.

Kijijini Msimbati ufuo unaelekea bahari kuu. Ruvula iko kilomita chache mbele, kwenye ncha ya rasi, na kuna njia mbili za kuifikia: ya juu, yenye mchanga mwingi, na ya ufukweni, ambayo hupitika maji yakiwa yamekupwa tu. Hapa ndipo hesabu ya mwezi hulipa. Siku ya bamvua, toka Mtwara saa 1 asubuhi, pita ufukweni maji yakiwa yanashuka, kaa Ruvula asubuhi yote, na uanze kurudi ifikapo saa 7 mchana, au kubali kurudi kwa njia ya juu baada ya kupunguza upepo wa matairi. Gari lililonaswa mchangani bahari ikija halisubiri kamba ipatikane.

Kwa kuwa ncha hiyo imegeukia ndani ya ghuba, Ruvula ni mojawapo ya fukwe chache za Tanzania Bara ambapo jua huonekana likizama majini. Maji ni maangavu, na matumbawe yako karibu kiasi kwamba mwenye miwani ya kuzamia na uwezo wa kuogelea huyaona bila mashua, ingawa uvuvi wa baruti wa miaka iliyopita ulijeruhi sehemu zake. Usiende mbali na nchi kavu maji yanapokupwa, kwa kuwa mkondo hutoka kwa kasi.

Hatua ya saba: Kula na kununua

Chakula cha mgeni aliyefika kweli kusini ni ugali wa muhogo kwa samaki wa nazi au kisamvu, na ming'oko, yaani mizizi ya porini kama viazi, iliyochemshwa, ambayo wauzaji huitembeza mitaani. Msimu wa korosho ukifika utaona pia mabibo, yaani matunda ya mkorosho, ambayo wenyeji huyakamua na kupata pombe iitwayo uraka. Unywe kidogo kwanza.

Korosho zilizobanguliwa nunua kwa akina mama wanaokaanga wenyewe. Onja, vunja moja: iliyo mpya hukatika kwa mlio, na iliyokaa sana huwa laini na kuacha ladha ya mafuta makuukuu. Zilizo nzima huuzwa ghali kuliko vipande, lakini kwa kupikia vipande vinatosha.

Kuhusu vinyago vya Wamakonde, wachongaji wengi walihamia Dar es Salaam zamani, kwa hiyo usitarajie soko kubwa. Kinachopatikana kwa fundi huku ni fursa ya kuiona kazi ikifanyika. Mpingo ni mzito, huzama ukiuweka majini, na sehemu yake ya nje ina rangi ya manjano hafifu; kinyago chepesi kinachoacha weusi kwenye kitambaa chenye unyevu kimepakwa rangi ya viatu.

Hatua ya nane: Kuondoka

Mabasi ya Dar es Salaam huondoka alfajiri, kwa hiyo kata tiketi jana yake na umwambie bajaji akufuate saa 10 usiku. Ukipata siku ya tatu, usiitumie kwenda Newala na kurudi, kwa maana uwanda wa Makonde unahitaji kulala huko. Itumie Lindi, ambayo iko kama kilomita 105 na inapatikana kwa basi la asubuhi. Mji wake wa zamani na ng'ambo ya Kitunda, kwa chombo cha kuvuka mlango wa Lukuledi, hutosha siku moja bila haraka. Watakushawishi uende kilima cha Tendaguru kuona mabaki ya dinosaria, wanyama wakubwa wa kale. Mifupa iliyochimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913 iko Berlin, ambako mmoja wa wanyama hao amesimamishwa kwa kimo cha zaidi ya mita 13. Kilimani kwenyewe kuna pori, njia mbaya na mashimo yaliyofukiwa. Iache kwa safari yenye gari lako na mwenyeji anayeijua njia, na usiku wa Lindi ulale karibu na stendi, kwani mabasi yanayotoka Mtwara hupita mapema.